Imeua Wapi, na kwa Kiasi Gani?



Leo tunazungumza juu ya miti ya dawa. Habari hiyo ni pana, kwa hiyo nimechagua sentensi moja tu, ambayo naamini umeisikia, kama si kwa jirani basi kwenye kipaza sauti cha muuza dawa pale stendi ya mabasi. Sentensi yenyewe ni hii: "Mti huu umepimwa maabara, unaua bakteria."

Je, muuzaji huyo anasema uongo? Mara nyingi, hapana. Nianze na hilo, maana wapo wasomi wetu wanaokunja uso mara tu wanaposikia neno mizizi, wakadhani kila anayechimba dawa anauza ndoto. Majani ya mpera, mizizi ya mjafari, mwarobaini, kitunguu saumu, karafuu, vyote hivyo vimepimwa katika maabara za nchi nyingi, na vyote vimeonyesha kwamba vina uwezo wa kuua au kuzuia vijidudu fulani. Hilo halina ubishi.

Ubishi wangu unaanzia kwenye swali linalofuata. Muuzaji wa stendi haliulizi. Magazeti nayo mara nyingi yanaliruka. Swali ni hili: imeua wapi, na kwa kiasi gani? Naomba ulishike swali hilo, msikilizaji, kwa sababu nitalirudia, na ningependa mpaka tunaagana uwe unaliuliza mwenyewe. Imeua wapi? Na kwa kiasi gani?

Basi twende kwanza maabara, tuone maneno "unaua bakteria" yanapatikanaje.

Mtafiti ameletewa gome la mti. Tuseme ni gome la ule mti ambao Wagikuyu wanauita muthiga na Wamaasai wanauita osokonoi, mti mchungu na mkali ambao watu hutafuna gome lake wakiwa na kikohozi au maumivu ya jino. Analikausha kivulini, kwa kuwa jua kali linaharibu baadhi ya kemikali. Analisaga likawa unga. Halafu unga ule anauloweka ili dawa itoke. Anauloweka kwenye nini? Hapo ndipo mambo yanapoanza kugeuka bila wengi kujua.

Kemikali za mmea hazina tabia moja. Zipo zinazotoka kwenye maji, na zipo zinazokataa maji kabisa, zinataka spiriti au vimiminika vyenye asili ya mafuta. Bibi nyumbani anachemsha kwa maji. Mtafiti mara nyingi analoweka kwenye methanoli, ambayo ni sumu, kisha anaivukiza yote na kubaki na nta nzito ya dawa peke yake. Kwa hiyo kilichoua bakteria kule maabara huenda hakimo kabisa katika sufuria ya bibi. Na kinyume chake pia hutokea, kwamba bibi anatoa kitu ambacho mtafiti hakukipata kwa sababu alitumia kimiminika kingine. Ukisoma kwamba mti fulani umefaulu, tazama kwanza uliandaliwaje.

Mfano wa jikoni kwako upo. Kitunguu saumu kikiwa kizima hakina ile kemikali yenye ukali inayoua bakteria. Kemikali hiyo inaitwa alisini, na wanasayansi wa Marekani waliitenga mwaka 1944. Inazaliwa pale tu unapokiponda au kukikata kitunguu, kwa sababu ndani ya punje kuna vitu viwili vilivyotengwa, kiini na kimeng'enya chake, na kisu chako ndicho kinachovikutanisha. Ukikitia kwenye supu kikiwa kizima na kikachemka, joto linakiharibu kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Supu itanukia vizuri, lakini alisini haimo. Mmea ni uleule, mkono ni uleule, jiko ni lilelile, na dawa haipo. Kwa hiyo mtu akikwambia kitunguu saumu ni antibiotiki, muulize: kilichopondwa au kilichopikwa?

Turudi maabara. Mtafiti ana kisahani cha kioo au cha plastiki chenye ute mgumu unaotokana na mwani, unaitwa agari, uliochanganywa na virutubisho, ndio chakula na kitanda cha bakteria. Anapaka bakteria juu yake, sawasawa, pote. Halafu anachukua kikaratasi cha duara, upana wake milimita 6, anakidondoshea ile dawa ya gome, na kukiweka katikati ya bakteria. Pembeni anaweka kikaratasi kingine chenye antibiotiki inayojulikana, ili awe na cha kulinganisha. Anafunika, anaweka kwenye joto la nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili wako, na anakwenda kulala.

Asubuhi, kisahani chote kimeota bakteria. Lakini kuzunguka kile kikaratasi kuna duara safi, tupu, ambapo hakuna kilichoota. Mtafiti anachukua rula na kupima upana wa duara lile. Hapo ndipo sentensi ya stendi inapozaliwa. Duara limeonekana, kwa hiyo mti unaua bakteria.

Sasa tuulize swali letu. Imeua wapi? Imeua kwenye kisahani. Kisahani hakina tumbo lenye asidi. Hakina ini, kiungo ambacho kazi yake mojawapo ni kuzivunja kemikali ngeni kabla hazijasambaa. Hakina figo za kuzitoa kwenye mkojo. Hakina moyo wa kudhurika wala mimba ya kuharibika. Kwenye kisahani hata jiki inaua bakteria, na inaua vizuri mno, pengine kuliko mti wowote tuliowahi kuupima. Siki inaua. Ndimu inaua. Hakuna aliyekunywa jiki akatibu homa ya matumbo, na naomba asitokee wa kujaribu. Kuua kwenye kisahani ni hatua ya kwanza, na ni hatua rahisi kuliko zote.

Na kwa kiasi gani? Kwa hilo mtafiti makini ana kipimo cha pili. Anaipunguza dawa nusu, halafu nusu ya nusu, halafu nusu tena, mpaka apate kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuwazuia bakteria wasiote. Antibiotiki nzuri, ikiwakuta bakteria wasio na usugu, inahitaji kama mikrogramu 1 katika mililita moja, na mara nyingi chini ya hapo. Dawa nyingi zilizokamuliwa kwenye mimea zinahitaji mikrogramu 1,000 au zaidi. Sitaki kukuchosha na tarakimu, lakini fanya nami hesabu hii moja tu. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Ili damu yake iwe na kiasi hicho cha mikrogramu 1,000 kwa kila mililita, lazima gramu 5 nzima za ile nta, ambayo si unga wa gome wala maji ya kuchemsha, ziwe ndani ya damu kwa wakati mmoja, bila ini kuzigusa na bila figo kuzitoa. Halafu zibaki humo kwa saa kadhaa. Mwili hauruhusu hayo, na kama ungeruhusu, pengine dawa ingemuumiza mgonjwa kabla haijamuumiza bakteria.

Tena bakteria wenyewe hawafanani. Wale wa majipu na vidonda, wanaoitwa stafilokokasi, ngozi yao ya nje ni rahisi kupenyeka. Wale wa tumboni kama ikolai wana utando wa ziada kwa nje, na kemikali nyingi za mimea zinaishia hapo hapo mlangoni. Ndiyo maana utaona ripoti baada ya ripoti, mti umefanya vizuri kwa bakteria wa ngozi na umefanya vibaya kwa bakteria wa tumbo na wa njia ya mkojo. Muuzaji anakuuzia dawa ya U.T.I. kwa ushahidi uliopatikana kwa bakteria wa jipu.

Je, nimekatisha tamaa? Subiri kidogo, msikilizaji, maana sasa naleta mti ambao ukiuliza swali letu unajibu vizuri sana.

Mti huo ni mswaki. Ule mswaki wa asili, unaoota kwenye ukame na ufukweni, ambao mababu wa pwani na Waarabu wa Oman wameutafuna kwa karne nyingi, na ambao mpaka leo unauzwa kwa mafungu nje ya misikiti. Watafiti wa Karolinska, chuo cha tiba kule Sweden, waliupeleka maabara. Walifanya jambo ambalo mimi nalipenda sana. Waliweka vipande vya mswaki kwenye agari, vikagusana na bakteria wa kinywani, na wakaweka vipande vingine juu, vikining'inia bila kugusa chochote. Bakteria walikufa pande zote mbili. Yaani harufu tu, ule mvuke mkali unaokukera puani unapotafuna mswaki mbichi, ilitosha kuwazuia wale wanaoharibu fizi. Baadaye, katika chapisho la mwaka 2011, walieleza kwamba kemikali inayofanya kazi kubwa humo ni mafuta yenye salfa, ya ukoo mmoja na yale yanayoipa haradali ukali wake.

Kwa nini naupa mswaki heshima kubwa hivi? Kwa sababu ya neno wapi. Mswaki unafanya kazi mdomoni, na bakteria tunaowataka wafe wako mdomoni. Haupiti tumboni, hausubiri ini, hausafiri kwenye damu. Kiasi kilichomo kwenye mti kinatosha pale pale kinapotakiwa. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1986 kwa jamii zilizouzoea, na halikufanya hivyo kwa kuonea mila huruma. Karafuu ya Unguja na Pemba nayo iko kwenye kundi hilo. Mafuta yake yana eujenoli, na madaktari wa meno duniani wameichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda, kwa sababu inatuliza maumivu na inazuia vijidudu mahali ilipowekwa. Mdomoni, kwenye ngozi, kwenye kidonda cha juujuu, mimea yetu mingi ina la kusema. Safari ikiwa ndefu, kwenda mapafuni, kwenye damu, kwenye uti wa mgongo, hapo ndipo inapoishiwa nguvu njiani.

Isipokuwa michache. Na mmoja wa hiyo michache umeokoa watoto wengi mno wa Afrika, kwa hiyo tukae nao kidogo.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, kwa sababu vidonge vya klorokwini vilikuwa vimeanza kushindwa. Mwanamama mmoja wa Beijing, mtafiti Tu Youyou, alipewa kazi ya kupekua vitabu vya kale vya waganga wa Kichina. Wenzake na yeye walipima mimea mingi. Mmojawapo ulikuwa artemisia, jani chungu lenye harufu kali. Ulionyesha nguvu, halafu ukashindwa, halafu ukaonyesha tena, haueleweki. Mtu mwingine angeachana nao.

Yeye alirudi vitabuni. Akakuta katika maandishi ya mganga Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, kwamba jani lile linalowekwa kwenye maji, linakamuliwa kwa mkono, na juisi inanywewa. Kuchemsha hakukutajwa. Tu Youyou akajiuliza: je, ni moto wetu ndio unaoiua dawa? Akabadili kimiminika, akatumia etha, ambayo inachemka kwenye nyuzi kama 35 tu, yaani chini ya joto la mwili wa binadamu. Mwishoni mwa mwaka 1971 dawa iliyotoka ilisafisha vimelea vya malaria kwenye damu ya panya na ya nyani. Yeye na wenzake wakainywa wao kwanza kabla ya kumpa mgonjwa, kuona kama ina madhara. Mwaka 1972 wakaitenga kemikali yenyewe, artemisinini. Mwaka 2015 Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel.

Kutokana na artemisinini ndiyo tukapata dawa ya mseto, ile uliyopewa zahanati mara ya mwisho ulipougua malaria. Na kabla yake kwinini ilitoka kwenye gome la msinchona, ikatengwa Ufaransa mwaka 1820, na msinchona huo Wajerumani waliupanda mpaka Amani, kule milima ya Usambara. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba dawa ya hospitali na mti wa porini ni maadui. Malaria tumeipiga kwa miti, mara mbili.

Lakini angalia Tu Youyou alifanya nini. Mganga wa kale alimwonyesha mmea na alimpa dokezo la namna ya kuuandaa. Yeye akaongeza kipimo. Wapi? Ndani ya damu ya mnyama mwenye malaria, hakuishia kwenye kisahani. Kiasi gani? Kile kinachomaliza vimelea vyote, si kile kinachopunguza homa kwa siku mbili. Sioni namna bora zaidi ya kumheshimu mganga wa kale kuliko hiyo.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Artemisia inapandwa Afrika Mashariki, na wapo wanaokunywa chai yake kutibu malaria, wengine wanainywa kila wiki kama kinga. Tuulize swali letu. Kiasi gani? Jani moja la artemisia linaweza kuwa karibu halina artemisinini kabisa, na jingine likawa na zaidi ya asilimia moja ya uzito wake, kutegemea mbegu, shamba, mwezi wa kuvuna na namna ya kukausha. Artemisinini yenyewe haipendi maji. Kwa hiyo kikombe cha leo na kikombe cha kesho si dawa moja. Na ile artemisia ya asili ya Afrika, inayoota milimani kwetu na inayofanana nayo kwa harufu, ina artemisinini kidogo sana au haina.

Matokeo yake ni nini? Kimelea kinapigwa kofi, hakifi, na kinajifunza. Miaka ya karibuni vimelea vya malaria vyenye dalili za usugu kwa artemisinini vimepatikana Rwanda, vimepatikana Uganda, na vimepatikana kwetu mkoani Kagera. Sisemi kwamba chai ndiyo iliyoleta usugu huo. Nasema kwamba dawa hii ni ya mwisho tuliyonayo iliyo imara, na kuichezea kwa vikombe visivyopimika ni hatari kwetu sote, hata kwa jirani asiyeinywa. Shirika la Afya Duniani limesema wazi, na likarudia mwaka 2019, kwamba haliungi mkono majani au chai ya artemisia kwa kutibu au kukinga malaria. Ukipewa mseto, maliza siku zote tatu, na meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana nusu ya pili ya mseto huo, inayoitwa lumefantrini, inaingia mwilini vizuri zaidi pamoja na mafuta.

Msikilizaji mmoja aliwahi kuniuliza swali zuri, na naamini na wewe unalo. Kama mimea ina nguvu hivi, mbona antibiotiki zetu hazitoki kwenye mimea? Penisilini ya Fleming, mwaka 1928, ilitoka kwenye ukungu. Streptomaisini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya kifua kikuu, ilitoka kwa bakteria wa udongoni. Nyingi ni hivyo, ukungu na udongo. Kwa nini si majani?

Jibu moja lenye kunivutia lilitolewa mwaka 2000 na watafiti wa Marekani, Frank Stermitz na Kim Lewis pamoja na wenzao. Walichunguza mimea yenye mizizi ya njano, ya ukoo ambao ndugu yake mmoja anaota pia kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Mizizi hiyo ina beberini, kemikali inayoua bakteria. Lakini bakteria wa majipu ana pampu katika ngozi yake, na beberini ikiingia tu anaipiga nje. Ukiipima beberini peke yake, utasema ni dhaifu. Kisha wakagundua kwamba mmea uleule unatengeneza kemikali ya pili. Hiyo ya pili haiui kitu chochote ikiwa peke yake. Kazi yake ni kuiziba ile pampu. Zikienda pamoja, beberini inabaki ndani na bakteria anakufa.

Umeona? Mmea hauwezi kukimbia adui. Umesimama palepale miaka na miaka, ukizungukwa na kuvu na bakteria, na haukujilinda kwa risasi moja. Unatumia vitu vingi vidogo vinavyosaidiana. Sisi tukautenganisha, tukapima kila kimoja peke yake, tukasema hamna kitu. Ndiyo maana watafiti wengi siku hizi hawaulizi tu kama mti unaua. Wanauliza kama mti unaweza kuirudishia nguvu antibiotiki iliyokwisha shindwa. Kama kuna mahali ningependa fedha za utafiti za nchi zetu ziende, ni hapo. Pale Muhimbili kitengo cha kuchunguza tiba asili kilianza mwaka 1974, na baadaye kikawa taasisi kamili. Kenya wana kituo chao ndani ya KEMRI, taasisi yao ya utafiti wa tiba. Uganda wana taasisi yao Kampala. Watu tunao.

Na haja ipo, kubwa. Tatizo hili la usugu wenzetu wa wizara ya afya wanaliita UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Makadirio ya mwaka 2019 yalisema watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowaua hawakusikia dawa, na hakuna eneo lililoumia kwa kiwango kikubwa kuliko Afrika kusini mwa Sahara. Mama anajifungua salama, kidonda kinaingia bakteria, dawa ya kwanza inashindwa, ya pili inashindwa, ya tatu haipo hospitalini. Hayo yanatokea wiki hii, katika wodi ambazo mimi na wewe tunazifahamu.

Nigusie pia usalama, kwa ufupi, maana muda unakwenda. Cha kwanza, chupa. Dawa ya miti inayouzwa kwenye chupa ya maji iliyookotwa, imekaa juani siku nne, inaweza kuwa na bakteria wengi kuliko inaowaua. Watafiti wa miji yetu wamezipima dawa za namna hiyo na wamekuta humo bakteria wa kinyesi. Cha pili, watoto. Mwarobaini tunaupenda, na mimi naupenda, lakini mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwapa watoto wachanga degedege na kuwaumiza ubongo. Mtoto mchanga asinyweshwe mafuta ya mwarobaini, hata tone. Cha tatu, gome. Ukilibandua gome la osokonoi kuzunguka shina lote, mti unakufa, na watafiti wa Afrika Kusini wamekuwa wakichunguza kama majani ya jamii hiyo yanaweza kuchukua nafasi ya gome. Mganga anayechuma majani leo atakuwa na mti mwaka kesho.

Nasema haya nikiwa na waganga wetu moyoni. Tanzania ina sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Mganga aliyesajiliwa, anayekubali dawa yake ipimwe, anastahili kusikilizwa na daktari, na anastahili zaidi ya hapo. Mtafiti akija kijijini, akaonyeshwa mti na mzee, akarudi mjini akapata shahada yake, matokeo yarudi kwa yule mzee kwa Kiswahili anachokielewa. Ajue mti wake uliua wapi, na kwa kiasi gani, na pale uliposhindwa ajue pia. Hilo ni deni, na wengi hawajalilipa.

Sasa, kama una mgonjwa nyumbani jioni hii ya leo? Mtoto ana homa, apelekwe akapimwe malaria leo, si kesho kutwa. Kidonda kinanuka, mkojo unauma na mgongo nao unauma kwa homa, kikohozi kimepita wiki mbili, hayo yote ni ya kituo cha afya. Na ukifika pale, mweleze mhudumu kila mzizi na kila jani ulilokwisha kunywa, jina la mti, uliandaliwaje, na siku uliyoanza. Najua wengi mnaficha kwa kuogopa kugombezwa. Usifiche, ndugu yangu. Baadhi ya miti inaharakisha ini kuvunja dawa ya hospitali, mingine inalichelewesha, na mhudumu asiyejua umekunywa nini atakupa dozi ambayo kwako ni ndogo mno au kubwa mno. Kama hujui jina la mti, chukua kipande cha gome au jani, kifunge kwenye karatasi, uende nacho.